Walther Schücking: Jaji aliyekataa mkataba wa wengi ubadilishwe na wachache

RUMONGE – Maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo hadi Atlantiki. Ndiyo maana mataifa yaliyokutana Berlin yaliliingiza ziwa hili, na mwambao wa Rumonge, katika eneo la biashara huria la bonde la Kongo. Mkataba wa Februari 1885 uliahidi kuwa meli za mataifa yote zitapita kwa haki sawa. Waafrika wenyewe hawakuulizwa.

Miaka 49 baadaye ahadi hiyo ilifika mahakamani kwa sababu ya nauli za mizigo. Mmoja wa majaji alikuwa Mjerumani Walther Schücking.

Schücking alizaliwa Münster tarehe 6 Januari 1875. Alikuwa profesa wa sheria ya katiba na sheria ya kimataifa huko Marburg, na mwaka 1919 alikuwa katika ujumbe wa Ujerumani kule Versailles. Aliketi bungeni hadi 1928. Mwaka 1930 alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa mjini The Hague, Uholanzi.

Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 walimfukuza katika chuo kikuu cha Kiel, wakataka pia ajiuzulu ujaji. Alikataa. Kwa hiyo alikuwa bado kitini kesi ya Oscar Chinn ilipofika.

Chinn alikuwa Mwingereza aliyeanzisha usafirishaji wa mtoni huko Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1929. Bei za mazao zilipoanguka, serikali ya Ubelgiji iliiagiza kampuni ya Unatra, tarehe 20 Juni 1931, ishushe sana nauli. Serikali ilikuwa na hisa nyingi humo, tena iliahidi kuifidia hasara. Chinn hakuwa na mtu wa kumfidia. Wateja walihama, naye akasimamisha biashara mwaka huohuo.

Uingereza ilimtetea mbele ya mahakama hiyo. Tarehe 12 Desemba 1934 majaji 6 dhidi ya 5 waliamua kuwa Ubelgiji haikuvunja mkataba. Walisema kupoteza wateja kwa ushindani si kunyang'anywa haki.

Schücking alikuwa miongoni mwa wale 5. Hoja yake ilikwenda kwenye mzizi. Mahakama ilitumia mkataba wa Saint-Germain wa 1919, uliotiwa saini na baadhi tu ya mataifa ya Berlin. Kwake yeye, ahadi iliyowekwa na wote haiwezi kubadilishwa na wachache bila ridhaa ya wenzao. Alifariki The Hague tarehe 25 Agosti 1935.

Chinn hakuweza kwenda The Hague mwenyewe. Ilibidi serikali yake imsemee. Leo ni tofauti. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kifungu cha 30 cha mkataba wake kinamruhusu mkazi yeyote kufungua shauri katika mahakama ya Arusha dhidi ya sheria au uamuzi wa serikali unaokiuka mkataba. Muda ni miezi 2 tu tangu uamuzi utolewe au mlalamikaji aujue. Msafirishaji anayeona ushuru umepindishwa ahesabu siku zake mapema.