Krapf: Mmisionari aliyeshindwa Ukambani

UWANDA wa Yatta unapita jirani na Mwala, Machakos, kisha unateremka kusini-mashariki kuelekea pande za Galana. Ni katika uwanda huo ambapo Johann Ludwig Krapf alijaribu kuanzisha kituo cha Injili mnamo 1851. Hakufaulu.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Alifunzwa umisionari Basel, Uswisi, akahudumu Uhabeshi kuanzia 1837. Mlango huko ulipofungwa alielekea Mombasa, akawasili 1844. Julai mwaka huo homa ilimwua mkewe, Rosine, na siku chache hazikupita kabla ya kitoto chao cha kike kumfuata mama yake. Mjane huyo aliwazika bara, mkabala na kisiwa.

Wengi wangalifunga virago. Krapf alikaa, akajifunza Kiswahili. Aliyemsaidia kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mchungaji wa Kilutheri na kadhi wakiulizana maana za maneno! Ni habari ambayo, kwa maoni yangu, haisimuliwi vya kutosha makanisani wala misikitini.

Mwaka 1846 alianzisha kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann, na miaka mitatu baadaye akafunga safari ya Ukambani. Huko Kitui alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya pembe za ndovu, ambaye alimweleza habari za mlima wenye weupe kileleni. Desemba 3, 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya kwa macho yake. Wasomi wa Ulaya walimcheka. Theluji karibu na Ikweta waliiona kuwa ndoto.

Haifai kumpamba. Katika maandishi yake aliyahukumu vikali mambo mengi ya Wakamba, akiyapima kwa mizani ya kwao Ulaya. Hata hivyo, mtu huyo huyo alikesha akiyaandika maneno yao, na Injili ya Marko kwa Kikamba ikapigwa chapa Tübingen mwaka 1850. Hakuna anayejitaabisha hivyo kwa ajili ya watu anaowadharau kabisa.

Mwaka uliofuata ndio wa msiba. Baada ya jaribio la Yatta, alifuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Majambazi waliwavamia njiani, wakamwua Kivoi. Krapf alikimbilia porini peke yake. Alipoufikia mto alijaza maji katika mfuko wa darubini yake na hata katika mitutu ya bunduki, maji ambayo hayakudumu. Aliporejea kwa watu wa Kivoi, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kifo hicho, ikambidi atoroke usiku. Uchungu wao unaeleweka: mzee wao amekufa, na mgeni wake yu hai.

Alirudi Rabai mikono mitupu. Mwaka 1853 afya mbovu ilimwondoa Afrika Mashariki, ingawa mnamo 1862 alirejea kwa muda kuwaongoza Wamethodisti waliokuja kuanza kazi Ribe.

Alifariki Novemba 26, 1881, huko Kornthal, Ujerumani. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyoanzia miaka ile ya msiba Mombasa, ilitoka London mwaka 1882. Ukambani, Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alipiga kambi Nzaui mwaka 1895.