Khabari za Mirambo, Mtemi Aliyejizuia

Wazee wa pwani walipolitaja jina la Mirambo walilitaja kwa uchungu, kwani ndiye aliyeifunga njia ya Tabora, na mali na roho nyingi za watu wa pwani zilipotea katika vita vyake. Wala hakuwa Mwislamu. Lakini khabari ya adui nayo hufaa kusomwa, khasa ikiwa ndani yake mna jambo la kutuaibisha.

Alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika Uyowa, nchi ya Unyamwezi, mwana wa mtemi. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti. Alirithi nchi ndogo, kisha akazitwaa za jirani moja baada ya moja hata ukasimama ufalme wa Urambo.

Zama hizo misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ndiyo nchi ya Dodoma, ikitoa hongo kwa kila mtemi. Kisha ikaingia Mgunda Mkali mpaka Unyanyembe. Waarabu waliokaa huko waliishi kwa raha: kila mwaka waliletewa kutoka pwani kahawa, chai, sukari na viungo, na mazulia ya kutandika. Hayo si haramu. Ila mwili ukisha kuzoea raha, huziona taabu kuwa mbali.

Agosti 1871 walimwendea Mirambo, na Stanley pamoja nao, wakidhani ni kazi ya siku chache. Zimbizo ilitwaliwa. Kundi la Soud bin Said likaenda Wilyankuru, likapata pembe na watumwa. Nalo liliporudi limelemewa na ngawira, Mirambo alikuwa akiliotea katika majani marefu kandokando ya njia. Soud akauawa na wengi pamoja naye. Anayeijua khabari ya Uhud hahitaji kufasiriwa. Haukupita muda, Tabora ikashambuliwa na moto ukatiwa, na Khamis bin Abdallah akafa akipigana. Vita vikaendelea miaka kadha, na askari wa Sayyid Barghash hawakuleta faida kubwa.

Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alitazamia kumwona jambazi, akamkuta mtu mpole wa sauti, mwenye kupenda askari vijana wasio na wake wala watoto. Na tabibu Southon, mtu wa misheni aliyekaa Urambo tangu 1879 hata akafa 1882, aliandika kwamba Mirambo aliiacha pombe, kwa kuwa mwenye kulewa hawezi kuangalia shughuli za nchi wala kuwahukumu watu kwa haki. Na pombe ya nafaka ndiyo heshima ya wageni katika nchi hizo! Hapakuwa na kadhi wa kumkataza, wala hakusoma kitabu. Aliikataza nafsi yake mwenyewe.

Imam Ghazali katika Ihya ameweka kitabu kizima juu ya kuvunja shahawa ya tumbo na ya utupu, na kwake jambo hilo ni mlango wa kumjua Mola. Mirambo hakuukusudia mlango huo. Aliutaka ufalme, akaupata. Wala kujizuia kwake hakukumwondolea ukali, kwani vijiji vingi vilichomwa, na mwaka 1880 watu wake waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, urafiki wake na Uingereza ukaharibika.

Alikufa 2 Desemba 1884 kwa ugonjwa wa koo. Akatawala Mpandashalo nduguye, na katika miaka michache ufalme ukavunjika vipande vipande.