Dk. Atiman: mtoto aliyeuzwa, akawa daktari wa Karema

Mtu wa Rukwa akiugua, si ajabu kusikia amepelekwa Atiman, yaani Hospitali ya Dk. Atiman iliyopo Sumbawanga mjini. Jina hilo si la Kifipa, na ni rahisi kudhani ni la mmisionari Mzungu. Sivyo. Adrian Atiman alikuwa Mwafrika, tena aliwahi kuuzwa sokoni kama mbuzi.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tindirma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa na kuvushwa jangwa la Sahara. Karibu mwaka 1876 mapadre wa shirika la White Fathers walimnunua huko Algeria, wakamwachia huru na kumsomesha. Nyumbani, wazazi walibaki na pengo. Hawakuwa na kaburi la kulilia wala habari ya kusubiri.

Darasani aling'ara. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alitaka vijana wa namna yake wawe madaktari na makatekista, waoe na wakae na watu. Mwaka 1881 Atiman alipelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1888.

Mwaka uliofuata, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani, alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa. (Karema sasa ipo Katavi, kabla ya 2012 ilikuwa Rukwa.) Kijana aliyesoma miaka saba Ulaya alikuta ngome ya zamani ya Wabelgiji, homa, vidonda na dawa chache. Zaidi ya hayo, alikuta biashara ya watumwa ingali inaendelea kandokando ya ziwa. Misheni ilikuwa ikikomboa watoto na kuwalea, na yeye ndiye aliyewatibu. Hapo ndipo ninaposimama kila ninapoyafikiria maisha yake. Sijui ni daktari gani mwingine aliyeweza kumtazama mtoto wa aina hiyo na kujua kila hatua aliyopitia.

Alipotaka kuoa hakuwa na baba wala mjomba wa kumpelekea posa. Hata hivyo alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na kwa ndoa hiyo akapata wakwe, mashemeji na watu wa kumwita ndugu. Mwana wao, Joseph, alikua akachagua upadre. Kwa familia ya Kikristo hiyo ni heshima kubwa. Lakini kwa mzee aliyekatwa na ukoo wake tangu utotoni, mwana kuwa padre maana yake mwana huyo hatamletea wajukuu. Atiman hakumzuia.

Aliendelea kutibu chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza. Alitunukiwa nishani, lakini hakuhamia mjini kutafuta kazi yenye mshahara mnono. Uzeeni alisimulia maisha yake mwenyewe, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, yakianzia kule kule Niger, kwa mtoto aliyechukuliwa kwao.

Alifariki mwaka 1956 akiwa na umri wa karibu miaka 90, miaka 67 tangu afike Karema.