Julius Nyerere na hifadhi ya mazingira

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, Uingereza, 14 Oktoba 1999) alikuwa rais wa kwanza wa Tanzania. Makala hii inahusu upande mmoja tu wa maisha yake: jinsi imani yake ya Kikristo na siasa yake ya ardhi zilivyogusa udongo, misitu na wanyamapori wa nchi, hasa katika nyanda za kati za Dodoma.

Maisha na imani

Alizaliwa siku ya mvua kubwa, akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni la mzimu wa mvua. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu. Alisoma Musoma na Tabora, akabatizwa katika Kanisa Katoliki mnamo Desemba 1943 na kuitwa Julius. Baada ya Makerere na Edinburgh alifundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Alikuwa mtu wa misa, na uzeeni aliziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili.

Ardhi kama zawadi ya Mungu

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kuruhusu watu kupewa ardhi kuwa mali yao ya milele, Nyerere aliandika kijitabu cha kupinga. Hoja yake ilikuwa ya kidini na ya kimila kwa pamoja. Ardhi haikuumbwa na mtu. Mungu ameitoa bure kwa viumbe wake wote. Mtu anaweza kudai jasho lake, yaani shamba alilofyeka na nyumba aliyojenga, lakini si udongo wenyewe. Baada ya uhuru, mwaka 1963, sheria iligeuza hati za umilikaji wa milele kuwa za kupanga kutoka serikalini.

Tamko la Arusha

Septemba 1961, akiwa waziri mkuu, alitoa tamko mbele ya mkutano wa kimataifa wa hifadhi uliofanyika Arusha. (Lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo ni la Ujamaa.) Ndani yake aliahidi kwamba nchi itawatunza wanyamapori na makazi yao kwa ajili ya vizazi vijavyo, na aliomba wataalamu na fedha kutoka nje. Ahadi hiyo haikubaki maneno matupu. Chuo cha wanyamapori cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963, na hifadhi za taifa zikaongezeka: Mikumi na Ruaha (1964), Gombe (1968), Tarangire (1970), Kilimanjaro (1973) na nyingine.

Dodoma na Kondoa

Kwenye udongo mambo yalikuwa magumu zaidi. TANU yenyewe ilipata nguvu vijijini kwa sababu wakulima walichukia kulazimishwa hifadhi ya udongo. Huko Uluguru mwaka 1955 watu walifanya ghasia kwa ajili ya matuta ya ngazi. Uhuru ulipokuja, kazi nyingi za namna hiyo ziliachwa.

Kisha serikali ya Nyerere ikajikuta ikitumia amri ileile. Katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wagogo walihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa, na rais mwenyewe alifyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati. Lakini Ugogo ni nchi ya mvua chache na isiyotabirika, na tembe zilizotawanyika pamoja na mifugo inayohama zilikuwa njia ya kuishi na ukame. Watu na ng'ombe walipokusanywa mahali pamoja, kuni ziliisha karibu na nyumba na ardhi ya kando ya vijiji ikakanyagwa hadi kuwa vumbi. Hili lilikuwa kosa kubwa la mazingira, hata kama lilitoka kwenye nia njema.

Mwaka 1973, uleule ulioamuliwa kuhamishia makao makuu Dodoma, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) kwa msaada wa Sweden. Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha. Mwaka 1979 mifugo yote, kama 90,000, iliamriwa kuondoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti vilirudi upesi kuliko ilivyotazamiwa. Hata hivyo familia zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao, na nafuu ilianza baadaye, ng'ombe wa kufugwa ndani walipokubaliwa. Mvumi iliondolewa mifugo mwaka 1986, Nyerere akiwa ameshaacha urais lakini bado mwenyekiti wa chama.

Baada ya urais

Alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bwawa la umeme katika mto Rufiji, lililopingwa na UNESCO kwa kuwa limo ndani ya eneo hilohilo la urithi wa dunia, nalo limepewa jina lake.