Edwin Armstrong: Aliyeipa redio sauti safi, kisha masafa yake yakahamishwa

Tarehe 27 Juni 1945, vita vikiwa vimekwisha Ulaya lakini vikiendelea dhidi ya Japani, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kuyahamisha matangazo ya FM kutoka megahezi 42 hadi 50, mahali yalipokuwa tangu mwanzo, na kuyapeleka juu zaidi, kuanzia megahezi 88. Kwa asiye fundi, habari hiyo ilisikika kama ya kuhamisha duka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Lakini nchini humo zilikuwapo redio za FM kati ya laki nne na laki tano, zilizonunuliwa kabla ya vita kwa bei kubwa kuliko redio za kawaida. Redio hizo zilikuwa nzima, hazina ubovu wowote. Hata hivyo hazingeweza kuyafikia masafa mapya, na kwa upande wa FM zilikuwa zimehukumiwa kunyamaza.

Aliyeumizwa zaidi na uamuzi huo alikuwa mtu aliyeivumbua FM yenyewe, Edwin Howard Armstrong, wakati huo akiwa na umri wa miaka 54. Wasikilizaji wa redio katika ukanda huu hukitumia kipaji chake kila siku, ingawa ni wachache wanaolijua jina lake.

Armstrong alizaliwa mjini New York tarehe 18 Desemba 1890. Baba yake alifanya kazi katika tawi la Marekani la shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford, na mama yake alikuwa mwalimu. Akiwa na miaka minane alipatwa na maradhi ya neva yaliyomwachia mtikisiko wa bega na shingo ambao haukumtoka maisha yake yote. Kwa miaka miwili alisomeshwa nyumbani. Familia ilipohamia Yonkers, kaskazini mwa jiji hilo, kijana huyo alisoma habari za Marconi na simu isiyo na waya, akajenga uani mlingoti wa antena wenye urefu wa takriban mita 38. Alikuwa akiupanda mwenyewe bila hofu, na mazoea hayo ya kupanda minara hayakumwacha hata alipokuwa mtu mzima mwenye fedha.

Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia, alipata ugunduzi wake wa kwanza. Lee de Forest alikuwa ametengeneza valvu ya kioo iliyoweza kupokea mawimbi ya redio, lakini kwa udhaifu mkubwa, na hata yeye mwenyewe hakueleza barabara jinsi ilivyofanya kazi. Armstrong aliichunguza kwa subira, kisha akaurudisha sehemu ya umeme uliotoka katika valvu hiyo ili uingie tena upande wa mbele, mara kwa mara, hadi sauti iliyokuwa hafifu ikakua maelfu ya mara. Akagundua pia kwamba mzunguko huo ukizidishwa, valvu yenyewe huanza kutoa mawimbi, hivyo chombo cha kupokea kinaweza kuwa chombo cha kurusha.

Alimwomba baba yake fedha za kusajili hataza. Baba alikataa, akimtaka kwanza amalize masomo. Kijana aliuchora mchoro wake, akaupeleka kwa mthibitishaji wa nyaraka ukapigwa mhuri tarehe 31 Januari 1913, na maombi yenyewe akayapeleka miezi kadhaa baadaye. Ucheleweshaji huo ulimgharimu sana. De Forest alidai kuwa ndiye aliyetangulia, na kesi yao ikazunguka katika mahakama kwa takriban miaka ishirini. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi de Forest. Wahandisi wengi hawakukubaliana na hukumu hiyo. Armstrong alipotaka kuirudisha nishani aliyokuwa amepewa na Taasisi ya Wahandisi wa Redio kwa ajili ya ugunduzi huo, taasisi ilikataa kuipokea.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alitumwa Paris akiwa ofisa wa kikosi cha mawasiliano. Huko, mwaka 1918, alibuni mfumo wa kupokea mawimbi unaoitwa superheterodaini, ambao umetumika ndani ya redio na televisheni karibu zote zilizotengenezwa tangu wakati huo. Mwaka 1922 aliiuzia kampuni ya RCA uvumbuzi wake mwingine kwa dola 200,000 taslimu pamoja na hisa 60,000. Fundi aliyezoea vyumba vya darini akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kuliko mwingine yeyote katika kampuni kubwa ya redio nchini Marekani. Mwaka uliofuata alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa katibu wa David Sarnoff, mmoja wa wakuu wa RCA. Zawadi ya harusi ilikuwa redio ya kubebeka aliyoitengeneza yeye mwenyewe, nao wakaichukua ufukweni katika fungate yao.

Sarnoff na Armstrong walikuwa marafiki. Mmoja alifika Marekani akiwa mtoto maskini wa wahamiaji kutoka Urusi, akapanda ngazi za biashara hadi kileleni. Mwingine hakuijali biashara, ila ilipomhitaji. Sarnoff alikuwa na kilio kimoja: kelele za hewani. Alitamani mtu ampatie kisanduku kidogo cha kuziondoa.

Aliyewahi kusikiliza redio ya masafa mafupi wakati wa masika anajua kilio hicho. Radi ikipiga mbali, sauti ya mtangazaji hukatika kwa mikwaruzo. Sababu ni kwamba katika mfumo wa zamani, AM, sauti husafirishwa kwa kuongeza na kupunguza nguvu za wimbi, na radi nayo huongeza na kupunguza nguvu hizo hizo. Redio haiwezi kutofautisha neno la mtu na ngurumo. Wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa. Wengine walikwisha kuandika kimahesabu kwamba kubadili masafa badala ya nguvu hakuna faida. Armstrong, ambaye siku zote aliamini kipimo kuliko hesabu ya karatasini, alikwenda kinyume: aliacha nguvu za wimbi zibaki palepale, akabadili masafa yake, tena kwa upana mkubwa ambao wenzake waliuona kuwa ni ubadhirifu. Kelele za radi zikakosa pa kushika. Hataza zake za FM zilitolewa tarehe 26 Desemba 1933, na Sarnoff alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyeshwa.

RCA ilimruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State mwaka 1934, na sauti ikafika zaidi ya kilomita 100 bila mikwaruzo. Lakini alicholeta hakikuwa kisanduku cha kuongeza kwenye redio zilizopo. Kilikuwa redio mpya kabisa, yenye mitambo mipya na vituo vipya, wakati RCA ilikuwa na mtandao mkubwa wa vituo vya AM na fedha zake nyingi zikielekezwa kwenye televisheni. Mwaka 1935 aliombwa aondoe vyombo vyake ili kupisha televisheni.

Aliviondoa, na tarehe 5 Novemba mwaka huohuo akasimama mbele ya wahandisi wenzake mjini New York. Rafiki yake alirusha matangazo kutoka nyumbani kwake Yonkers. Ukumbini watu walisikia maji yakimiminwa ndani ya glasi na karatasi ikichanwa, kwa uwazi ambao redio haikuwahi kuwa nao. Kisha Armstrong akatumia fedha zake, zaidi ya dola 300,000, kujenga mnara wa chuma wenye mikono mitatu huko Alpine, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Watengenezaji kadhaa wa redio walikubali kumlipa mrabaha. Mwaka 1940 serikali iliipa FM masafa yake, na matangazo ya kibiashara yakaanza Januari 1941. RCA ilimpa ahadi ya dola milioni moja ili itumie FM bila kulipa mrabaha. Alikataa, kwa kuwa kampuni ndogo zilikuwa zikilipa, na hakuona haki kubwa kuliko zote isamehewe. Vita vilipoifikia Marekani, aliiruhusu serikali itumie hataza zake bila malipo, na FM ikawa ndani ya redio za vifaru na za askari wa miguu.

Uamuzi wa 1945 ulikuja baada ya hayo. Tume ilitegemea hesabu za kitaalamu zilizodai kwamba madoa ya jua, yakifikia kilele, yangefanya mawimbi ya vituo vya mbali kuingiliana na FM katika masafa ya chini. Armstrong alizipinga kwa ushahidi wa vipimo, na madhara makubwa yaliyotabiriwa hayakutokea. La ajabu ni kwamba sehemu ya masafa hayo, yaliyosemwa kuwa hayaifai FM, ilipangiwa televisheni, ambayo huvurugwa na mwingiliano kwa urahisi zaidi. Si lazima kuamini njama ili kuona ni nani aliyefaidika. Vituo takriban 50 vililazimika kununua mitambo upya. Nguvu za vituo vikubwa nazo zilipunguzwa, kiasi kwamba mitandao iliyozoea kupokezana matangazo hewani, kutoka kilima hadi kilima, ikabidi ikodi nyaya za simu. Mwaka 1947 mwenyekiti wa tume hiyo, Charles Denny, aliacha wadhifa wake akaajiriwa na NBC, kampuni tanzu ya RCA, na hatua hiyo ikazua manung'uniko hata miongoni mwa watu wasioijua FM.

Msikilizaji wa kawaida hakuhudhuria vikao hivyo. Alipata taarifa tu kwamba vituo vingetangaza katika masafa yote mawili kwa muda, kisha ya zamani yangezimwa. Viliuzwa vifaa vya kubadili masafa kwa asiyetaka kuitupa redio yake, lakini wengi walirudi kwenye AM na kuapa kutodanganywa tena. Mapema mwaka 1949 masafa ya zamani yalinyamaza kabisa.

Wakati huo Armstrong alikwisha kuzishtaki RCA na NBC kwa kutumia hataza zake bila malipo, kwani sauti ya televisheni zao ilisafirishwa kwa FM. Kesi ilifunguliwa Julai 1948. Mawakili wa kampuni walimhoji kwa zaidi ya mwaka mzima, wakati hataza zake za msingi zikielekea mwisho wa muda wake mwaka 1950. Sarnoff alipotoa ushahidi, alidai kwamba kampuni yake iliiendeleza FM kuliko mtu yeyote, Armstrong akiwemo. Urafiki wao ulikuwa umekwisha zamani. Fedha nazo zilikuwa zikiisha, na Novemba 1953, katika ugomvi juu ya kuendelea na kesi, Armstrong alimpiga mkewe. Marion aliondoka, akaenda kuishi kwa dada yake.

Asubuhi ya tarehe 1 Februari 1954 Armstrong alikutwa amefariki. Alikuwa amejiua, akiwa na umri wa miaka 63, na alimwachia mkewe barua ya majuto.

Kazi iliyobaki ilikamilishwa na Marion. Desemba 1954 RCA ilikubali kulipa kidogo zaidi ya dola milioni moja, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho mumewe alikikataa miaka 14 kabla. Mjane huyo aliendelea na kesi dhidi ya kampuni nyingine, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho, dhidi ya Motorola, ilipomalizika kwa ushindi wake mwaka 1967.

FM ilichelewa kwao, ikachelewa zaidi kwetu. Ujerumani iliikumbatia mwaka 1949 kwa sababu ilikuwa imepewa masafa machache ya kati baada ya vita. Afrika Mashariki iliendelea kutegemea masafa mafupi na ya kati hadi miaka ya 1990, serikali za Uganda, Kenya na Tanzania zilipofungua milango kwa vituo binafsi. Nchi zenye vilima ziliona faida yake haraka, kwani mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka: mtambo ukiwa juu ya mlima Jali, sauti huteremka hadi Kigali yote.

Yaliyowapata wasikilizaji wa 1945 yamewapata wengine pia. Norway ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017, na maelfu kwa maelfu ya redio za magari zikahitaji kifaa cha ziada. Dar es Salaam ilipozima televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na nchi jirani zilipofuata, familia zenye televisheni nzima zililazimika kununua king'amuzi. Zipo pia simu ambazo ndani yake mna uwezo wa kupokea FM, lakini mtengenezaji hakuuwasha. Mwenye simu hulipia kifurushi cha intaneti ili asikilize kituo ambacho mlingoti wake anauona kutoka dirishani.

Mnara wa Alpine ungali umesimama. Septemba 2001, majengo ya World Trade Center yalipoanguka pamoja na antena zilizokuwa juu yake, vituo kadhaa vya televisheni vya New York vilipeleka mitambo yao huko, na kwa muda matangazo ya jiji hilo yakatoka kwenye chuma kilichosimikwa na Armstrong kwa fedha zake.