Ernst Chladni na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Sayansi

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia kwenye shule moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, mwanachuo wetu aliwataka wanafunzi watoe sauti ya juu. Darasa zima likapiga kelele. Yeye alikusudia sauti nyembamba. Wao walielewa sauti kubwa. Kosa hilo lilikuwa letu sisi wakufunzi, kwani tulimfundisha habari za mitetemo ubaoni bila kumwonyesha mtetemo hata mmoja. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza maisha ya mtu aliyeifanya sauti ionekane kwa macho.

Ernst Chladni alizaliwa mjini Wittenberg, Ujerumani, tarehe 30 Novemba, 1756. Baba yake, profesa wa sheria, alimlea kwa ukali na kumtaka afuate nyayo zake. Mwana alitii, akahitimu sheria mjini Leipzig mwaka 1782. Baba alipofariki mwaka huohuo, Chladni aliiacha sheria, akashika elimu ya sauti. Uamuzi huo ulimgharimu: maisha yake yote hakupata kazi ya kudumu katika chuo kikuu.

Hakuwa na maabara kubwa. Alichukua bamba la kioo au la shaba, akalishikilia mahali pamoja, akalinyunyizia mchanga, kisha akapitisha upinde wa fidla ukingoni. Mchanga uliruka kutoka sehemu zilizotetemeka ukatulia kwenye mistari isiyotetemeka, ukachora nyota na maumbo mengine. Sauti ilipokuwa nyembamba zaidi, mistari iliongezeka. Haya aliyatangaza katika kitabu chake cha mwaka 1787.

Ili apate riziki, alisafiri mji hata mji akifanya maonyesho, pamoja na ala za muziki alizozibuni mwenyewe. Alipokuwa Paris mnamo 1808 na 1809, Napoleon aliyatazama majaribio hayo, akatoa faranga 6,000 ili kitabu chake kingine kuhusu sauti kitolewe kwa Kifaransa. Tuzo iliwekwa kwa atakayeyaeleza maumbo yale kwa hesabu, ikanyakuliwa mwaka 1816 na mwanamke, Sophie Germain.

Chladni huyohuyo ndiye aliyeandika mwaka 1794 kwamba mawe ya chuma yapatikanayo ardhini huanguka kutoka anga za mbali. Wengi walimcheka, lakini hatimaye alithibitika kuwa na haki. Kimondo cha Mbozi ni mfano wa mawe hayo katika nchi yetu. Alifariki tarehe 3 Aprili, 1827, mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, angali katika safari zake za kufundisha.

Mwalimu wa Mbinga au wa Mbamba Bay anaweza kumfuata bila kungoja vifaa vya dukani. Kwanza, abane rula kwenye ukingo wa meza na kuipiga. Akiivuta zaidi, sauti itakuwa kubwa, lakini haitakuwa nyembamba. Akifupisha sehemu inayoning'inia, rula itatetemeka mara nyingi zaidi kwa sekunde, na sauti itakuwa nyembamba. Pili, akaze kipande cha puto juu ya mdomo wa kopo, anyunyize mchanga mkavu na laini wa ufukweni, kisha mwanafunzi aimbe karibu nacho, akipandisha na kushusha sauti mpaka mchanga uamke. Akiimba sauti ileile kwa nguvu zaidi, mchanga utaruka zaidi. Akibadili wembamba wa sauti, mwendo wa mchanga utabadilika.

Baada ya hapo ndipo yaje maelezo. Wanafunzi wa huku wamekwisha kuona wapiga ngoma wakiota ngozi motoni ili ikazike na sauti iwe nyembamba. Jambo wanalijua, wanalokosa ni jina lake la kisayansi. Basi tuwafundishe wanachuo wetu kusema sauti kubwa na ndogo kwa nguvu ya mtetemo, na sauti nyembamba na nene kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Neno juu liachwe mpaka mchanga umekwisha kusema.