Mary Bryant na Mashua ya Gavana

Ndugu msomaji, sisi tuliozaliwa karibu na maji twajua kwamba mtu haingii bahari kuu kwa mashua ya makasia ila awe na haja kubwa. Leo nataka kukusimulia habari za mwanamke wa Kiingereza, mfungwa, aliyeingia bahari hiyo na watoto wake wawili, mmoja wao angali mchanga.

Jina lake la kuzaliwa ni Mary Broad. Alibatizwa mwaka 1765 huko Fowey, bandari ndogo ya Cornwall, na baba yake alikuwa baharia. Mwezi Machi 1786 alihukumiwa mjini Exeter kwa kumnyang'anya mwanamke mmoja kofia ya hariri na vitu vingine njiani. Hukumu ilikuwa kunyongwa. Siku hizo Uingereza ilikuwa ikinyonga watu kwa makosa ambayo leo tungeyaona madogo, lakini wengi walipunguziwa adhabu wakapelekwa uhamishoni. Mary akapewa miaka 7.

Aliondoka Mei 1787 katika jahazi iitwayo Charlotte, moja ya majahazi 11 yaliyowachukua wafungwa wa kwanza kwenda Australia. Alikuwa mja mzito, na safarini akajifungua mtoto wa kike, akampa jina la jahazi hiyo. Walitia nanga Sydney Januari 1788, katika nchi ambayo wenyewe walikuwa wakikaa humo tangu zama na zama, na wala hawakuulizwa. Wiki mbili baadaye aliolewa na William Bryant, mvuvi wa Cornwall, naye mfungwa vilevile. Mwaka 1790 wakapata mtoto wa kiume, Emanuel.

William alipewa usimamizi wa mashua za uvuvi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu watu walikuwa na njaa. Mazao hayakustawi, jahazi moja ya vyakula ilikuwa imegonga mlima wa barafu baharini, na nyingine ikavunjika kwenye kisiwa cha Norfolk mwezi Machi 1790. Posho ilipunguzwa na kupunguzwa tena. William alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 1789 akiuza samaki kwa siri, akachapwa viboko 100. Hata hivyo hawakumwondoa baharini. Nani mwingine angewavulia?

Kifungo chake kiliisha Machi 1791, lakini cha Mary kilibaki miaka 2. Ilisemekana William hakuihesabu ndoa ile kuwa yamfunga akirudi kwao. Sasa fikiri mwenyewe, msomaji, hali ya mama mwenye watoto wawili mahali pa njaa, na mume aweza kupanda jahazi wakati wowote akaenda zake.

Basi wakala njama. Kwa nahodha wa jahazi ya Kiholanzi iliyokuwa imeleta chakula, William alipata dira, ramani, bunduki na chombo cha kupimia jua. Usiku wa tarehe 28 Machi 1791, baada ya jahazi ile kuondoka, waliiba mashua ya gavana yenye makasia 6. Walikuwa watu 11: mke na mume, watoto wawili, na wanaume 7. Walichukua unga na mchele, kama ratili 100 kila kimoja, nyama kidogo, na maji ambayo hayakuzidi galani 8 hivi.

Walifuata pwani kuelekea kaskazini. Mashua ilivuja, wakaivuta pwani na kuziba nyufa kwa walichokuwa nacho, hata sabuni. Dhoruba ziliwasukuma mbali na nchi kavu siku kadhaa, wakawa hawana ila kukumba maji mchana na usiku. Visiwani walipata kasa, wakakausha nyama yake. Karibu na ghuba ya Carpentaria walifukuzwa na mitumbwi mikubwa yenye matanga ya mkeka, na hapo mimi nilikumbuka mitepe ya Lamu ya zamani. Wakaikata ghuba yenyewe kwa siku nne na nusu.

Tarehe 5 Juni walifika Kupang, kisiwani Timor, kwa Waholanzi. Siku 69, zaidi ya kilomita 5,000, na wote 11 wazima, hata watoto. Kapteni Bligh, aliyeasiwa na mabaharia wake, alifika bandari hiyohiyo kwa mashua mwaka 1789 akasifiwa dunia nzima. Yeye alikuwa na mabaharia watupu. Hakuwa na mtoto wa kunyonya mashuani.

Walijidai kuwa jahazi yao imezama, wakapokewa vizuri. James Martin, mmoja wao, aliandika baadaye kwamba William aligombana na mkewe akaenda kujisema mwenyewe pamoja na wenzake wote. Mwezi Septemba akafika Kapteni Edwards, aliyekuwa akiwasaka waasi wa Bligh, akawachukua hao nao katika minyororo.

Na hapo ndipo mauti yalipoanza. Huko Batavia, mji uitwao leo Jakarta, homa ilimchukua Emanuel tarehe 1 Desemba 1791, na William siku 21 baada yake. Wanaume watatu walipotea kabla ya kufika Rasi ya Tumaini Jema. Charlotte alifariki tarehe 6 Mei 1792 njiani kwenda Uingereza, hajatimiza miaka 5, akazikwa baharini alikozaliwa. Mary alifika London peke yake na wanaume wanne, akatiwa gereza la Newgate.

Mwandishi James Boswell, aliyekuwa pia mwanasheria, alizisikia habari zake akamtetea kwa wakubwa wa serikali. Mary alisamehewa Mei 1793, na wale wanne Novemba. Boswell alimwekea pauni 10 kwa mwaka, na Oktoba alimsindikiza chomboni arudi Cornwall. Boswell mwenyewe alifariki mwaka 1795, na baada ya hapo jina la Mary halionekani tena.

Mary alikuwa amempa majani makavu ya mmea wa Australia ambao wafungwa wakiufanya chai, aliyoyachukua safari yote ile. Yalikutwa katika karatasi za Boswell katika karne ya 20, na machache yakarudishwa Sydney, yamo maktaba.